Kimea, mihogo na sikoseli: namna ya kuwafikirisha wanafunzi wa biolojia wa kidato cha tano na sita

Mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) anaweza kuchora kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, pamoja na sehemu yake tendaji, akaorodhesha mambo manne yanayoathiri kasi yake, na bado akakosa la kusema ukimuuliza kwa nini uji mzito wa mahindi hulegea dakika chache baada ya kutiwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Uji huo ameunywa tangu utoto. Kimeng'enya anakijua kwa mchoro wa kufuli na ufunguo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vitu hivyo viwili vinakutana ndani ya kikombe kimoja.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kuanzia kwenye kikombe hicho kisha apande mpaka kwenye mada ngumu za kidato cha tano na sita: vimeng'enya, upumuaji wa seli, jenetiki ya jamii, ikolojia. Vifaa vingi ni vya jikoni. Kazi kubwa iko kwenye maswali.

Swali linalofaa na lisilofaa

Si kila jambo la ajabu linafaa kufundishia. Ukiwaambia wanafunzi kwamba shinikizo la damu la twiga ni karibu mara mbili ya la binadamu, watasema "duh!" na kurudi kunakili ubaoni. Mshangao umeishia hapo. Swali zuri lina mgongano ndani yake: mambo mawili ambayo yote ni kweli, lakini yanaonekana hayawezi kukaa pamoja. Jeni inayoua watoto imedumu kwa vizazi vingi katika maeneo yenye malaria. Muhogo mchungu ukichemshwa mzima unabaki na sumu, ilhali unga wake ukiloweshwa kwa maji baridi sehemu kubwa ya sumu inaondoka. Mambo ya namna hiyo hayamwachi mtu.

Kabla ya kuingia darasani, andika jibu la kwanza ambalo wanafunzi watalitoa. Kama jibu hilo ni sahihi, swali ni jepesi, litupe. Kama huwezi kukisia jibu lao, liulize kwanza kwa wawili watatu nje ya kipindi. Kisha jiulize kama wanafunzi wataweza kupata ushahidi wao wenyewe ndani ya vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80. Hapo ndipo maswali mengi mazuri yanapokwama: yanavutia, lakini darasani hayana cha kupima wala cha kuhesabu, na mwalimu anaishia kuhutubia.

Swali likishatajwa, kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi nini kitatokea na kwa nini. Dakika tatu, kimya, bila kuangaliziana. Kusanya karatasi zote. Usipofanya hivyo, wale wawili hodari watajibu na wengine 50 watasubiri kuona upepo unavumia wapi. Aliyekwisha kuandika utabiri wake ana sababu ya kufuatilia matokeo.

Kuhusu lugha: mtihani ni wa Kiingereza, na hilo halibadiliki kwa kulilalamikia. Lakini mjadala wa mwanzo uache uende kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayetafuta neno la Kiingereza hatafuti sababu. Istilahi ziandike ubaoni pale wanapozihitaji, kisha dakika 15 za mwisho kila mmoja aandike aya moja ya maelezo kwa lugha ya mtihani. Aya hiyo ndiyo unayosahihisha.

Uji na kimea

Jaribio hili linastahili vipindi viwili kamili, na ukiwa na nafasi ya kufanya moja tu kati ya haya yote, fanya hili.

Kimea kitengenezwe siku nne au tano kabla. Osha nusu kilo ya ulezi, loweka usiku kucha, chuja, kisha tandaza kwenye sinia chini ya kitambaa kibichi. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu vimizizi vyeupe vitakuwa vimetoka. Anika juani mpaka ukauke kabisa, kisha saga au twanga. Usikaushe kwenye kikaango wala karibu na moto, kwa sababu joto litaharibu kile kile unachokitafuta. Ulezi wa zamani hauoti vizuri, na ulionunuliwa kama mbegu huenda umetiwa dawa. Nunua wa chakula. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, tupa na uanze upya. Na uji wa maabara haunywewi, hata ukinukia vipi.

Siku ya jaribio pika uji kwa gramu 150 za unga wa sembe na lita 1.25 za maji. Dona ina chembe kubwa zinazovuruga vipimo. Upike mpaka uive kweli, dakika 10 baada ya kuanza kuchemka, kwa sababu wanga ambao haujaiva haushambuliwi kwa urahisi. Uache upoe hadi nyuzi 50 hadi 55, ugawe mililita 200 kwa kila kikombe, na uviweke vikombe ndani ya beseni la maji ya joto hilo hilo. Chupa ya chai yenye maji ya moto iwe karibu kwa kuongezea beseni linapopoa.

Kikombe cha kwanza kinatiwa mililita 20 za maji matupu. Cha pili kinatiwa kijiko cha chai cha kimea, gramu 3 hivi, kilichokorogwa kwenye mililita 20 za maji. Cha tatu kinatiwa kiasi hicho hicho cha kimea, ila kimechemshwa kwa dakika tano na kurudishiwa maji yaliyopungua. Cha nne hakiwekwi kwenye beseni: uji wake umeachwa upoe mpaka joto la chumba ndipo ukatiwa kimea kibichi.

Maji yale mililita 20 kwenye kikombe cha kwanza si pambo. Jibu la kwanza la darasa karibu lote litakuwa "uji umelegea kwa sababu umeongezewa maji", na kikombe hicho ndicho kinachowajibu bila wewe kufungua mdomo. Kikombe cha tatu kinawajibu wale watakaosema kwamba kimea ni unga tu kama unga mwingine.

Kupima uzito wa uji kwa macho kunaleta ubishi usioisha. Kata kipande cha bomba la PVC la inchi mbili, urefu wa sentimita 3, msumeno uende sawa. Weka karatasi ya grafu chini ya kioo cha dirisha au plastiki ngumu inayoonyesha, simamisha bomba juu yake, lijaze uji, sawazisha juu kwa rula, kisha linyanyue wima kwa mkupuo mmoja. Baada ya sekunde 30 pima kipenyo cha uji uliosambaa, mara mbili kwa pande zinazokatana, chukua wastani. Fanya hivyo kabla ya kutia kimea, baada ya dakika 5 na baada ya dakika 10. Uji wa kikombe cha pili kwa kawaida unakuwa umesambaa wazi wazi kuliko wa kwanza.

Sambamba na hilo, kila dakika mbili kikundi kichukue tone la uji kutoka kila kikombe, kiliweke kwenye kigae cheupe na kulitia tone la ayodini. Ayodini ya duka la dawa inafaa ikizimuliwa, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Tone la uji lazima lipoe kwanza. Rangi ya bluu-nyeusi inayoonyesha wanga hupotea wanga ukiwa wa moto hata kama wanga upo tele, na kikundi kinachoharakisha kitatangaza kwamba wanga umekwisha ndani ya dakika mbili. Likitokea usiwasahihishe papo hapo. Waambie waliache tone walitazame: rangi itarudi yenyewe linapopoa.

Sasa kuna mambo mawili ambayo wanafunzi watayagonga, na yote mawili ni ya thamani kuliko matokeo yenyewe.

La kwanza ni kikombe cha nne. Uji wake ni mzito, kwa hiyo watasema kimea hakifanyi kazi kwenye joto la chumba. Lakini uji wowote ukipoa unakuwa mzito, uwe na kimea au usiwe nacho. Kinachokosekana ni kikombe cha tano: uji uliopoa, uliotiwa maji matupu. Umepika uji wa ziada kwa sababu hiyo, ila usiutaje. Subiri mwanafunzi auombe. Wasipouomba, uliza tu, "Kikombe cha nne mnakilinganisha na kipi?" na unyamaze. Somo la ulinganisho wa haki linaingia hapa kuliko katika ufafanuzi wowote wa kitabu.

La pili ni gumu zaidi. Kikombe cha pili kimelegea kabisa, lakini ayodini bado inageuka bluu-nyeusi. Kama kimeng'enya kimevunja wanga, mbona wanga bado upo? Hapa waache wavutane. Jibu liko kwenye mahali kimeng'enya kinapokata. Wanga ni minyororo ya glukosi, na kimeng'enya cha kimea kinachoikata huitwa amilasi. Amilasi ya aina ya alfa hukata mnyororo popote, hata katikati. Mnyororo mrefu ukikatwa mara moja katikati, urefu wake umeshuka kwa nusu, na uzito wa uji unategemea sana urefu wa minyororo hiyo. Ayodini kwa upande wake inahitaji tu kipande chenye urefu wa kutosha kujisokota kuizunguka, na vipande vya namna hiyo bado vimejaa. Kwa hiyo uji hulegea mapema, na rangi hufuata baadaye sana, ikipitia zambarau na kahawia-nyekundu. Amilasi ya aina ya beta hukata kutoka mwishoni, glukosi mbili mbili. Waulize uji ungekuwaje kama kimea kingekuwa na hiyo peke yake. Anayejibu kwamba sukari ingeongezeka huku uji ukichelewa kulegea ameelewa muundo wa wanga.

Ukiwa na kimiminika cha Benedict, kinachopima sukari, kitumie, ila kumbuka kimea chenyewe kina sukari. Kimea kilichochemshwa na kutiwa kwenye maji bila uji lazima kipimwe pia.

Darasa likitaka kujua haya yote yana faida gani, wape hesabu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori 360 hivi. Uji mwepesi wa gramu 5 za unga kwa mililita 100 una kilokalori 18. Uji wenye gramu 12, uliolegezwa kwa kimea mpaka mtoto mchanga akaweza kuumeza, una kilokalori 43 ndani ya tumbo lile lile dogo. Ndiyo sababu watafiti wa lishe wa Tanzania walikichunguza kimea kwa ajili ya chakula cha kulikiza miaka ya 1980.

Muhogo mchungu, kwa kutumia kitunguu saumu

Mada ya vimeng'enya ikishasimama, muhogo unaipeleka mbele. Uliza: kwa nini kuuchemsha muhogo mchungu mzima hakutoshi kuuondolea sumu, wakati joto huua karibu kila kitu?

Seli za muhogo huweka linamarini, kiini cha sumu yake, ndani ya vakuoli (mfuko wa ndani ya seli), na kimeng'enya kinachoivunja, linamarasi, kwenye kuta za seli. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukikwaruzwa, ukitwangwa au ukitafunwa na panya, vinachanganyika, na mwisho wake ni sianidi ya hidrojeni, ambayo huchemka kwa nyuzi 26 hivi na kupotelea hewani. Sasa uchemshe ukiwa mzima: linamarasi inaharibika kwa joto, linamarini inastahimili, na sumu imebaki imefungiwa mahali pake. Kwa maneno mengine, kimeng'enya ambacho kingeisaidia sumu itoke ndicho ulichokiua. Unga mkavu bado una linamarasi isiyo na maji ya kufanyia kazi. Ukiukoroga na maji, ukautandaza kwa unene usiozidi sentimita 1, ukauacha saa 2 juani au saa 5 kivulini, inaamka na kumaliza kazi yake. Baada ya hapo unapikwa ugali kama kawaida.

Usilete muhogo mchungu darasani kupimia sianidi. Karatasi za pikrati zinazotumika kwa kipimo hicho hutengenezwa kwa asidi ya pikriki, ambayo ikikauka hulipuka. Kitunguu saumu kina mantiki ile ile bila hatari: kiini cha harufu na kimeng'enya chake vimetenganishwa ndani ya seli mpaka punje ipondwe. Chukua punje tisa zinazolingana. Tatu ziache nzima, tatu ziponde mbichi, tatu zichemshe nzima dakika 10, zipoze, ndipo uziponde. Kila fungu liwekwe kwenye kikombe kilichofunikwa na kupewa namba, na wanafunzi wasiojua namba ipi ni ipi wapewe wanuse na kutoa alama 0 hadi 5. Zilizochemshwa zikapondwa zitanuka kidogo sana. Wanusaji wanachoka haraka, kwa hiyo kila mmoja anuse vikombe vitatu tu, mpangilio ubadilishwe kutoka mtu hadi mtu, na anayeponda mbichi asitumie kinu kile kile kwa zilizochemshwa.

Kutoka hapo unaingia kwenye upumuaji wa seli bila kubadilisha mada. Sianidi hufunga kimeng'enya cha mwisho kwenye mnyororo wa elektroni ndani ya mitokondria. Uliza: mgonjwa ana oksijeni tele katika damu, mbona seli zinakufa kwa kukosa nishati? Na uliza tena: kwa nini ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu kwa kudumu, umezuka Kongo, Msumbiji na Tanzania wakati wa ukame au vita, pale watu wanapokula muhogo usioandaliwa vizuri bila samaki wala maharage? Mwili, hasa ini, huiondoa sianidi kwa kutumia salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye asidi-amino za protini. Swali hili moja linagusa lishe, vimeng'enya na ini.

Mfuko wa punje: sikoseli na malaria

Sikoseli ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na chanzo chake ni badiliko la herufi moja tu ya DNA: GAG imekuwa GTG kwenye jeni ya beta-globini (sehemu ya himoglobini), na nafasi ya sita ya protini imekaa valini badala ya asidi ya glutamiki. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki uliohusisha kubeba jeni hiyo na kinga dhidi ya malaria. Wanafunzi wengi wanajua habari hiyo. Wasichokijua ni kwa nini jeni hiyo haienei kwa kila mtu wala haipotei, na hilo haliwezekani kulielewa bila kuhesabu.

Kila kikundi cha wanne kipate mfuko wa kitambaa usioonyesha, punje 150 nyeupe na punje 60 nyekundu, na dadu moja. Punje zilingane kwa ukubwa. Maharage mekundu makubwa na meupe madogo yanaharibu kila kitu, maana vidole vinachagua bila mtu kukusudia. Shanga ni bora, au punje za aina moja ambazo baadhi zimepakwa rangi ya kalamu.

Punje nyekundu ni jeni ya sikoseli, nyeupe ni jeni ya kawaida, na kila jozi ni mtoto mmoja. Nusu ya vikundi vianze na nyekundu 50 na nyeupe 50. Nusu nyingine vianze na nyekundu 5 na nyeupe 95. Tikisa, toa mbili mbili mpaka zipatikane jozi 50. Jozi ya nyekundu mbili haiendelei. Jozi mchanganyiko inaendelea. Kwa kila jozi ya nyeupe mbili rusha dadu: ikija 1, malaria imeichukua. Hesabu punje zilizobaki, tafuta asilimia ya nyekundu, na ujaze mfuko upya kwa punje 100 zenye uwiano huo. Hicho ni kizazi kimoja, na kikundi kilichozoea kinakimaliza kwa dakika tano au sita. Fanyeni vizazi vinane.

Kabla ya kuanza, wengi hutabiri kwamba nyekundu zitaisha. Kinachotokea ni kwamba walioanza na 50 wanashuka kwa kasi hadi karibu na 17, na walioanza na 5 wanapanda polepole hadi karibu na 10. Pande zote mbili zinaelekea sehemu moja. Wakishaona mistari hiyo miwili ikikaribiana kwenye grafu, wape fomula: uwiano wa jeni nyekundu hutulia kwenye s gawanya kwa (s jumlisha t), ambapo s ni hasara ya jozi nyeupe na t ni hasara ya jozi nyekundu. Hapa s ni 1/6 na t ni 1, kwa hiyo jibu ni 1/7, yaani punje 14 kati ya 100. Kwa uwiano huo wabebaji, yaani wenye jeni moja ya sikoseli, wanakuwa kama robo ya watoto wanaozaliwa, na wenye jeni mbili ni kama 2 kati ya 100.

Kikundi kimoja au viwili vilivyoanza na punje 5 huenda vikapoteza nyekundu zote mapema. Wasifute matokeo yao. Hilo ni badiliko la kubahatisha linalokumba jamii ndogo, nalo limo kwenye mada. Jumlisheni takwimu za vikundi vyote ili mwelekeo uonekane.

Muda ukiruhusu, chezeni tena bila dadu, kuanzia punje 14, kana kwamba malaria imetokomezwa. Hesabu inasema itachukua vizazi saba kufika 7. Waulize mbona polepole hivyo, wakati kila jozi nyekundu inaondolewa. Waache wahesabu nyekundu ngapi zimo ndani ya jozi mchanganyiko, ambako hakuna kinachozigusa.

Jambo moja la heshima: katika darasa la watu 60 huenda yupo mwenye sikoseli, au mwenye ndugu aliyefariki kwa ugonjwa huo. Sema "jozi haiendelei kwenye mchezo", usiseme "hawa wanakufa", na eleza kwamba mchezo unaiga karne zilizopita, kabla ya tiba kama haidroksiurea. Kwa sababu hiyo hiyo usiwape kazi ya kuchora ukoo wa familia zao kwa makundi ya damu. Kuna siri za nyumbani ambazo hazipaswi kugunduliwa na mtoto kwenye daftari la biolojia. Tumia ukoo wa kubuni. Na asitobolewe mtu kidole kwa ajili ya somo; hatari ya homa ya ini na VVU ni kubwa kuliko faida.

Kesi ya chura wa Kihansi

Ikolojia hufundishwa mara nyingi kama orodha ya madhara ya binadamu kwa mazingira. Chura wa Kihansi anawalazimisha wanafunzi kupima ushahidi, kwa sababu washukiwa wako watatu na wote walikuwa eneo la tukio.

Waeleze mambo haya na usitoe hitimisho. Chura huyu hafikii urefu wa sentimita 3, hazai mayai bali watoto hai, na makazi yake yote yalikuwa hekta 2 hivi za mimea iliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania. Bwawa la umeme lilipochukua maji mengi, manyunyu yalipungua sana. Mwishoni mwa mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Bondeni zikafungwa bomba za kunyunyizia maji, na vyura waliobaki wakaongezeka hadi kupita 20,000 katikati ya 2003. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wameisha. Katika kipindi hicho hicho mfumo wa manyunyu ulipata hitilafu wakati wa kiangazi, bwawa lilifunguliwa kusafisha tope lenye dawa za mashambani, na kuvu wa ngozi anayeua vyura aligundulika. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wale waliozalishwa walianza kurudishwa bondeni.

Kila kikundi kipange washukiwa kwa uzito na kiandike ushahidi gani ungewafanya wabadilishe mpangilio. Sehemu ya pili ndiyo yenye alama nyingi. Kikundi kinachosema "ni kuvu" kieleze kwa nini kuvu wa ngozi amuue chura: ngozi yake hupitisha chumvi na maji, na kuvu huvuruga usafirishaji wa chumvi hizo mpaka moyo unasimama. Kinachosema "ni dawa" kiseme kingetegemea kuona nini kwa samaki na wadudu wa mto huo huo. Na kuna swali ambalo wanafunzi wakali hulifikia wenyewe: je, mshukiwa mmoja anaweza kumdhoofisha chura, na mwingine akammaliza?

Kusahihisha

Rudisha zile karatasi za utabiri mwishoni mwa mada, si mwishoni mwa kipindi. Mwanafunzi aandike chini yake, kwa mistari minne au mitano, alikosea wapi na ushahidi upi ulimwonyesha. Utabiri wenyewe usiutolee alama hata kidogo, la sivyo mara ya pili wataandika unachotaka kusikia. Toa alama 5: moja kwa kutaja ushahidi mahususi wenye namba na kipimo chake, moja kwa kueleza ulinganisho uliotumika, mbili kwa maelezo ya kibiolojia kwenye ngazi ya seli au molekuli, na moja kwa swali jipya linaloweza kupimwa kwa vifaa vilivyopo shuleni. Maswali hayo mapya yahifadhi kwenye daftari moja. Mengine hayatafaa, lakini atakayeuliza kama maji ya ndimu yangezuia kimea kufanya kazi amekuandalia jaribio la wiki inayofuata: vikombe vile vile, unga ule ule, na ndimu mbili.